Usiihukumu Ikiwa na Barafu: Mwongozo wa Kuonja Laga ya Kiwanda Kidogo

Ukikaa baa yoyote ya Dar es Salaam, swali la kwanza la mhudumu ni hili: "Ya moto au ya baridi?" Ya moto si bia iliyochemshwa, ni ile iliyokaa kwenye kreti bila kuingia friji. Vijana wengi huwashangaa wazee wanaoagiza ya moto. Mimi nimekaa mezani na waonjaji kwa miaka kadhaa, na naamini wazee wale wanaijua bia yao kuliko anayeinywa ikiwa imeganda barafu ubavuni. Baridi kali hutia ulimi ganzi na kuifungia harufu ndani ya glasi. Laga, yaani bia iliyochachushwa kwenye baridi, ikiwa nyuzi 2, iwe nzuri iwe mbovu, ina ladha ileile: ubaridi na gesi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetengeneza laga yake kwa mapipa machache, au aliyealikwa kwenye meza ya waamuzi, au mnywaji tu anayelipa bei ya juu kwa bia ya kiwanda kidogo na anataka kujua anacholipia. Msingi wake ni mmoja: anza na bia baridi kiasi, kisha isubiri. Ukweli wa laga hujitokeza inapoanza kupoteza ubaridi.

Jua kwanza unahukumu nini

Laga ya rangi ya dhahabu ilizaliwa Plzeň, mji wa Bohemia ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1838 wenyeji walichoshwa na bia mbovu, wakamwaga mapipa yake mbele ya jengo la halmashauri ya mji. Wakajenga kiwanda chao, wakamleta mpishi wa bia kutoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani, Josef Groll, na tarehe 5 Oktoba 1842 akapika pipa la kwanza. Mambo manne yalikutana kwenye sufuria yake: kimea cha shayiri (punje zilizooteshwa kisha kukaushwa) kilichokaushwa kwa hewa ya moto bila kupigwa moshi, kikabaki cheupe, maji laini yasiyo na chumvichumvi, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za Žatec, ambazo sokoni zinaitwa Saaz, na chachu ya Bavaria inayofanya kazi yake kwenye baridi. Miaka 52 baadaye, mwaka 1894, kiwanda cha Spaten cha Munich kikatoa jibu lake, Helles, laga ya dhahabu yenye uchungu mdogo na kimea kingi zaidi.

Naeleza historia hii kwa sababu kosa kubwa la waamuzi wapya ni kuipima bia kwa mizani ya bia nyingine. Helles ikikosa uchungu mkali haijakosea. Muulize mtengenezaji, au soma lebo, alikusudia nini. Pilsna, yaani laga ya mtindo wa Plzeň, ikiwa ya Kicheki huwa na uchungu wa 30 hadi 45 kwa kipimo cha uchungu kiitwacho IBU, na mwili uliojaa kidogo. Ya Kijerumani ni kavu zaidi, IBU 22 hadi 40, na kilevi cha asilimia 4.4 hadi 5.2. Helles ni IBU 16 hadi 22 tu. Laga za kawaida za viwanda vikubwa, hizi tulizokua nazo Afrika Mashariki, ziko upande wa uchungu mdogo, na mara nyingi huongezewa nafaka nyingine au sukari ili ziwe nyepesi. Hilo nalo si kosa, mradi ndilo lililokusudiwa.

Jambo moja linaziunganisha zote: hazina pa kuficha. Fikiria pilau na wali mweupe. Kwenye pilau, bizari na nyama zinaweza kuufunika mchele wa kubahatisha. Wali mweupe ukiungua kidogo chini, au mchele ukiwa umekaa ghalani kupita kiasi, mgeni anajua kwa tonge la kwanza. Laga ya dhahabu ni wali mweupe.

Andaa pua, kisha glasi

Siku ya kuonja usijipulizie marashi, na kama nguo zako zimefukizwa udi, zibadilishe. Kahawa, sigara, pilipili na karanga za chumvi viache angalau saa moja kabla. Mishkaki itakungoja. Mezani weka maji ya kunywa na mkate mweupe usio na siagi, basi. Sampuli sita kwa kikao zinatosha, kila moja mililita 60 hadi 90. Zaidi ya hapo ulimi huchoka na kichwa hulegea. Na mpange mapema atakayewarudisha nyumbani.

Glasi ndiyo inayowaangusha wengi. Hapa nina deni. Mwaka fulani tulihukumu laga sita kwenye kikao kimoja, na zote sita povu lilikufa ndani ya dakika moja. Tukaandika kwenye kila karatasi: povu dhaifu. Karatasi zimeshaondoka, ndipo nikanusa kitambaa kilichotumika kukaushia glasi, kina mafuta ya chipsi. Mtengenezaji mmoja alikuwa ameshabadilisha mapishi yake kwa sababu ya kitambaa chetu. Nilimpigia simu kumwomba radhi, lakini mapipa mawili yalikuwa yameshapikwa.

Kwa hiyo: osha glasi kwa sabuni isiyo na harufu, suuza kwa maji mengi, zipange kichwa chini kwenye rafu yenye matundu zikauke zenyewe. Kitambaa kisiguse. Kabla ya kumimina, lowesha glasi kwa maji safi uitazame: maji yakiteleza kama shuka moja, ni safi, yakijikusanya matone matone, kuna mafuta. Ukishamimina, vipovu vikiganda ukutani mwa glasi chini ya bia, glasi ndiyo chafu, usiilaumu bia. Zile magi zinazotolewa kwenye friza zina barafu, zirudishe.

Mimina ikiwa nyuzi 6 hadi 8

Toa chupa kwenye friji dakika kumi hivi kabla, hata mapema kidogo kama friji yako ni kali. Inamisha glasi, mimina ubavuni, halafu isimamishe umalizie katikati ili povu lipande vidole viwili. Usiogope povu, ndilo linalobeba harufu.

Sasa nusa kabla ya kutazama. Najua macho yanataka kutangulia, lakini harufu nyepesi zaidi hutoroka ndani ya sekunde chache, na rangi haiendi popote. Vuta pumzi fupi mbili tatu, usivute moja ndefu. Andika neno la kwanza linalokuja, hata kama ni la jikoni kwa bibi: ganda la mkate, uji wa ngano, majani mabichi yaliyokatwa, asali nyepesi, maua, viungo. Pua ikichoka, nusa kiwiko chako mwenyewe. Harufu unayoizoea huirudisha mahali pake.

Kisha tazama. Rangi iwe kati ya majani makavu na dhahabu. Weka gazeti nyuma ya glasi: kwa laga iliyochujwa unatakiwa kusoma herufi bila taabu. Ukungu usikuharakishe. Upo ukungu wa baridi, unaotokana na protini na tanini kushikana bia ikipoa, ambao hutoweka wenyewe glasi ikipata joto. Na zipo laga zinazouzwa bila kuchujwa kwa makusudi. Angalia tena baada ya dakika kumi ndipo uandike. Povu liwe jeupe, la chembe ndogondogo, na kila funda liache mduara wake ukutani.

Onja mara tatu

Funda la kwanza ni la kusafisha njia tu, usiliandikie chochote. Kinywa bado kinashangaa gesi na baridi.

Funda la pili lizungushe ulimini, meza, kisha funga mdomo na utoe pumzi puani. Hapo ndipo nusu ya ladha inapojulikana, kwa kuwa harufu inaingia puani kutokea nyuma ya koo. Fuatilia mpangilio: kimea kinaanza na utamu mdogo wa mkate, hopsi zinaingia katikati, uchungu unashika mwishoni, halafu unaondoka. Hilo la kuondoka ndilo kipimo changu cha kwanza cha laga. Uchungu mzuri hukufanya utake funda jingine. Uchungu mbaya hukwama kooni kama mwarobaini, na ukimaliza glasi bado upo.

Tenganisha uchungu na ukakasi. Aliyewahi kung'ata bibo la korosho anajua ninachosema: ulimi unakauka, fizi zinakaza. Ukakasi kwenye laga mara nyingi unatokana na maganda ya kimea kuoshwa kwa maji mengi mno au ya moto kupita kiasi. Mtengenezaji anaweza kuurekebisha, lakini ukimwandikia "chungu sana" atapunguza hopsi, na tatizo litabaki palepale.

Funda la tatu ni la baadaye. Iache glasi mezani hadi ifike kama nyuzi 12 au 14. Kwenye baraza ya Dar mwezi wa Februari haichukui muda. Nairobi au Mbeya jioni, subira zaidi. Wakati huo endelea na sampuli inayofuata, kisha rudi. Ndipo utakapokutana na bia yenyewe.

Kuna dada mmoja anayepika laga nyumbani kwake, mtu makini, kila kitu anakiandika daftarini. Aliniletea chupa mbili. Kwenye nyuzi 7 ilikuwa safi, nikaanza kumsifu. Robo saa baadaye nikainua tena glasi, nikasimama nayo mkononi. Mahindi. Mahindi ya kuchemsha kabisa, yale ya stendi.

"Dada, ulifunika sufuria?"

Akafungua daftari. "Nusu saa ya mwisho, ndiyo. Gesi ilikuwa inaisha, moto umepungua, nikaona nifunike ili isiache kuchemka."

Hapo ilikuwa kesi imekwisha. Kimea cheupe cha laga, kwa kuwa hakikaushwi kwa joto kali, kina chanzo kingi cha kemikali iitwayo DMS, ambayo hunuka mahindi au kabichi iliyopikwa. Dawa yake ni kuchemsha kwa nguvu, sufuria wazi, dakika 60 hadi 90, ili mvuke uondoke nayo, kisha kupoza haraka. Ukifunika, mvuke unagonga mfuniko na kurudi sufuriani. Tungeinywa baridi tungemaliza chupa zote mbili tukisifiana.

Dosari za kuzikariri

Siagi. Ulimi unateleza kama umepakwa samli, na kuna harufu ya bisi za sinema. Hiyo ni diasetili. Kila chachu huanza kuitengeneza, kisha chachu yenye afya huila tena ikipewa muda na joto kidogo, siku mbili tatu kwenye nyuzi 15 hadi 18 kuelekea mwisho wa uchachushaji. Siagi peke yake mara nyingi ni haraka ya mtengenezaji. Siagi pamoja na uchachu ni bakteria, au mabomba ya baa yasiyosafishwa. Kwenye pilsna ya Kicheki chembe yake inavumilika. Kwenye ya Kijerumani ni kosa. Ujue pia kwamba wapo watu wasioisikia kabisa, kwa maumbile. Ndiyo maana sikubali kuhukumu peke yangu. Mtengenezaji anaweza kujipima kabla ya kuhamisha bia: atie sampuli kwenye mitungi miwili midogo, mmoja auweke kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 20 hadi 30, aupoze, anuse yote miwili. Ule uliopashwa ukinuka siagi, bia haijawa tayari hata kama mwenzake unanuka safi.

Tufaha bichi, au rangi mpya ya ukutani. Bia ni changa, imetenganishwa na chachu mapema. Laga inataka wiki kadhaa za kutulia karibu na nyuzi 0 hadi 4, na kwa kiwanda kidogo chenye tangi moja la baridi hizo ni wiki za gharama. Naielewa shida hiyo, lakini ulimi hauna namna ya kuihesabu.

Boksi la karatasi lililolowa. Oksijeni iliingia wakati wa kujaza chupa, au bia imekaa sana kwenye joto. Kwa mikoa ya pwani hili ndilo adui mkuu: bia iliyotoka kiwandani nzuri hufa ndani ya lori na stoo yenye bati. Uliza tarehe ya kujazwa kabla hujamlaumu mpishi.

Kicheche. Mwanga wa jua ukizipiga hopsi kupitia chupa nyeupe au ya kijani, hutokea harufu kali ya mnyama huyo. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga, nyeupe haizuii kitu. Duka likipanga bia dirishani, nunua ya ndani kabisa ya kreti.

Plasta ya hospitali. Klorini ya maji ya bomba imekutana na kimea au chachu. Chujio la mkaa kabla ya kupika hutatua.

Chuma, kama damu au sarafu. Paka tone la bia nyuma ya mkono, sugua, nusa. Harufu ya chuma hujitokeza ngozini.

Salfa kidogo ya kiberiti kilichowashwa ni kawaida kwa laga changa na huondoka glasi ikitulia. Yai viza, hapana.

Jizoeze nyumbani

Maneno hayatoshi, pua inafunzwa kwa kunusa. Nunua chupa sita za laga moja ya kawaida, safi, yenye tarehe ya karibuni. Moja imimine kwenye chupa nyeupe, iweke kwenye jua la saa sita kwa nusu saa. Nyingine iache karibu na jiko kwa wiki tatu. Kwenye glasi ya mililita 200 tia kijiko cha chai cha maji ya mahindi matamu ya kopo. Kwenye nyingine tumbukiza ncha ya kijiti cha meno iliyochovywa kwenye ladha ya siagi ya kuokea keki, inayouzwa maduka ya vifaa vya keki. Mbili zilizobaki ziache kama zilivyo, ndizo kipimo.

Kisha mwombe mtu akumiminie glasi tatu, mbili za bia moja na moja tofauti, bila kukuambia ipi ni ipi. Tafuta iliyo tofauti. Kubahatisha kunakupa nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia mara sita au zaidi na uandike matokeo. Mimi kicheche nilikipata mara ya kwanza. Boksi lililolowa lilinichukua miezi.

Andika maneno, kisha namba

Karatasi ya alama inayotumika sana ni ya Beer Judge Certification Program, mpango ulioanza Marekani mwaka 1985. Jumla ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na mvuto wa jumla 10. Ona mwonekano ulivyopewa tatu tu. Bia ya 45 kwenda juu ni ya kipekee duniani, 30 hadi 37 ni nzuri sana, na chini ya 14 ina tatizo kubwa. Laga nyingi za kwanza za viwanda vidogo nilizoonja nimezipa kati ya 22 na 30, na sioni aibu kwa namba hiyo kwa upande wowote.

Andika maneno kabla ya namba. Ukianza na namba, maneno yatakuwa ya kuitetea. Na mpangilio uwe: nilichosikia, huenda kimetokana na nini, cha kujaribu. Kwa ile laga ya dada niliandika hivi: "Kwenye nyuzi 7, ganda la mkate na maua mepesi, safi. Kwenye nyuzi 13, mahindi ya kuchemsha yanafunika hopsi. Uchungu mzuri, unaondoka. Chemsha wazi dakika 90, poza upesi. Alama 27." Pipa lililofuata alikopa mtungi wa pili wa gesi kwa jirani, nami nikalipatia alama 36.

Usiandike "mbovu". Usiandike "nzuri" pia bila kusema nini. Na wenzako wasione karatasi yako hadi wote mmemaliza, kwa sababu mtu mmoja akisema "siagi" kwa sauti, meza nzima itaisikia siagi.

Mwisho, omba chupa mbili za ziada za kila bia. Moja iweke friji, nyingine rafuni palipo na kivuli, na uandike tarehe juu ya kizibo. Baada ya wiki nne zifikishe zote mbili nyuzi 8, uzimimine pamoja, urudie karatasi kuanzia mwanzo.